KIBARAZA CHA WAJUKUU: Zimwi Likujualo

Kama ilivyo ada yetu tutazungumza juu ya mambo ya watoto ambayo wakubwa huyapita kwa haraka wakenda zao jikoni.

Mwaka huu nimeletewa barua na bibi mmoja wa ukoo wetu, ambaye jina lake nalihifadhi. Mjukuu wake wa miaka minane huletwa kwake kila Jumapili. Mtoto huingia, huamkia vizuri kama alivyofunzwa, kisha hukaa mbele ya televisheni na mchezo wake mpaka saa ya kuchukuliwa, akaaga. Baina ya kuamkia na kuaga, anasema bibi huyu, yeye hana lake. Mtoto akinena hunena Kiingereza na kile kioo, na mwaka hata mwaka maneno yake ya Kiswahili yanapungua, ilhali Kiingereza cha bibi ni kile cha kununulia mkate. Anataka kujua amwulize mtoto kitu gani ili apate naye maneno mawili.

Jibu langu kwake, na kwa wengine wenye shida kama hiyo, ni hili: mwulize khabari za yule adui mkubwa. Usimwulize anacheza nini, maana atakutajia jina la Kiingereza na mazungumzo yatakufa hapo hapo. Mwulize, "Mbona yule wa leo ni mkubwa kuliko wa jana?" Mtoto yeyote aliyepata kushika michezo ile atageuza uso akutazame. Nami, ili usiingie mazungumzoni mikono mitupu, nitakueleza mambo yalivyo.

Michezo ninayoisema ni ile ya kukimbia na kuruka. Kuna mtu mdogo anayeanzia kushoto mwa kioo akaelekea kulia, akipanda vidaraja na kuvuka mashimo, na njiani hukutana na maadui. Mama wa michezo hii ni Super Mario Bros., uliotolewa Japani mwaka 1985 na kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto. Walioubuni khasa ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Adui wa mwanzo kabisa anayekutana na mchezaji huitwa Goomba. Ni kitu cha rangi ya hudhurungi, kichwa kama uyoga, miguu miwili na mikono hana. Huenda mbele tu. Akifika penye shimo hutumbukia mwenyewe. Ukimkanyaga kichwani amekwisha. Kwa Kijapani jina lake ni Kuribo, nalo limetokana na tunda lile la njugu kubwa wanazochoma barabarani wakati wa baridi, ambalo Kijapani ni "kuri".

Wabunifu wenyewe wamepata kueleza kwamba Goomba alitiwa mwisho, baada ya kuona kuwa kobe wao, Koopa, ni mgumu mno kwa mtu anayeanza. Nafasi ndani ya mashine ilikuwa imekaribia kwisha, kwani mchezo mzima ulikuwa ni kilobaiti 40 tu, kidogo kuliko picha moja unayotumiwa leo kwenye simu. Basi Goomba akachorewa sura moja tu, na mashine ikawa inaigeuza kulia na kushoto, kulia na kushoto, ikaonekana anatembea. Mwambie mjukuu wako jambo hilo kisha amtazame vizuri. Ataona ni kweli.

Sasa tuje kwa mkubwa. Mwaka 1988 ulitoka Japani Super Mario Bros. 3, na hapa Uingereza uliingia 1991. Una dunia nane. Unapita ya majani, ya mchanga, ya bahari, ukifika ya nne unakuta vitu vile vile unavyovijua lakini vimekuzwa. Goomba ni yule yule mwenye macho ya hasira, ila sasa anamzidi Mario kimo. Kobe ni yule yule. Hata matofali yamekua, na mabomba yanayotoka mimea yenye meno yamekua, na mimea yenyewe imekua. Mario peke yake ndiye aliyebaki kama alivyokuwa.

Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika jambo hili, na hapajatokea tena iliyoishinda, ingawa vijana watanibishia. Michezo mingine humkuza adui mmoja na kumweka mwisho wa njia kama bawabu. Hii ilikuza nchi nzima. Wengi wetu tuliofika nchi hizi tukiwa wakubwa tunaijua hali hiyo. Basi ni basi, lakini lina ghorofa. Kitunguu ni kitunguu, lakini kimoja kinatosha mchuzi wa watu sita. Ndege wa pwani tunawajua tangu utoto, lakini wale wa Portsmouth wanakunyang'anya chakula mkononi. Hukuona kitu kipya. Uliona kitu chako mwenyewe kimefura.

Na mtoto hali yake ni hiyo kila siku, kwa sababu anaishi katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu waliomzidi mara mbili.

Lakini angalia jambo la pili, nalo ndilo la kumwuliza mjukuu. Yule Goomba mkubwa wa dunia ya nne ana nguvu gani mpya? Hana. Huenda mbele tu kama mdogo wake, na ukimkanyaga mara moja amekwisha. Kinachobadilika ni nafasi: njia imekuwa nyembamba kwa mwili wake, na kuruka juu yake kunataka uanze mbio mapema zaidi. Mchezaji anayeogopa hurudi nyuma akajikuta hana pa kurudi. Aliyekumbuka kuwa ni Goomba tu hupita. Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa ni wewe unayelijua zimwi. Katika hatua ya sita ya dunia hiyo kuna milango ya ajabu: ukipita mmoja maadui wote wanakuwa wakubwa, ukipita mwingine wanarudi udogo wao, na njia ni ile ile. Mtoto mwenye akili atakaa hapo akiingia na kutoka kwa kupima tu, na mwachie apime.

Kabla ya hapo, katika dunia ya tatu, kuna samaki mmoja ambaye hafuati sheria hiyo. Samaki wa kawaida wa mchezo ule wanagonga tu. Huyu mkubwa hufuata juu ya maji, huruka, na humeza Mario mzima mzima, hata kama amevaa nguvu zake zote. Mie namwita chewa, kwa ule mdomo wake. Watoto wetu wote wanamchukia, na nadhani wana haki.

Labda mtu atauliza: kama kukuza ni rahisi hivyo, kwa nini hawakukuza kila kitu tangu mwanzo? Hapa pana hesabu nzuri ya kufanya na mtoto mezani kwa karatasi ya miraba. Mashine ile ya kwanza ya Nintendo ilichora viumbe kwa vipande vidogo, kila kimoja upana wa nukta nane. Goomba wa kawaida upana wake ni vipande viwili, na Mario hali kadhalika. Mashine iliweza kuonyesha vipande vinane tu katika mstari mmoja wa kioo. Cha tisa kikija hakionekani. Goomba watatu na Mario, mbili mara nne, ni nane: wametosha kabisa. Sasa mkuze Goomba mara mbili, awe na vipande vinne. Goomba wawili wakubwa wakisimama sawa na Mario ni kumi. Vimezidi. Ndiyo maana katika michezo ya zamani vitu vilimetameta na kupotea kama taa yenye umeme mbovu: mashine ilikuwa ikivipa zamu. Na ukimkuza kwa urefu pia, vile vipande vinne vya mwili wake wote vinakuwa kumi na sita. Matofali makubwa hayakuwa na shida hiyo, kwani yalihesabiwa katika mandhari ya nyuma. Basi kila jitu moja kwenye kioo lilikuwa limelipiwa kwa ubahili wa mahali pengine.

Mashine iliyofuata, ya mwaka 1990, ilikuwa na mfuko mkubwa zaidi, na Nintendo hawakungoja kuutapanya. Katika hatua za mwanzo kabisa za Super Mario World inakuja risasi yenye uso, kubwa kama nyumba. Risasi za namna ile, ndogo, tulizijua tangu 1985. Hii nayo unaweza kuikanyaga mara moja ikaanguka, lakini hakuna mtoto anayeamini mpaka ajaribu.

Kisha ukaja mwaka 1995 Yoshi's Island, na hapa nitakaa kidogo kwani ndio mchezo ninaoupenda. Humo yumo mchawi mmoja aliyevaa joho, jina lake Kamek, anayeruka juu ya ufagio. Yoshi, yule mnyama wa kijani aliyembeba Mario mchanga mgongoni, akifika mwisho wa ngome hukuta kijidudu cha kawaida tu, kimetulia. Anatokea Kamek, anakebehi, ananyunyiza unga wake wa uchawi, na kile kijidudu kinafura mbele ya macho yako mpaka kinajaza kioo. Ndani ya kaseti yenyewe mlitiwa kidude cha hesabu kiitwacho Super FX 2, na ndicho kilichowezesha vitu kukua na kupungua polepole mbele yako badala ya kubadilishwa picha ghafla.

Mwulize mtoto khabari za ua la majini. Ni mmea wenye meno, mmoja katika wale wa kila siku, umekaa ng'ambo ya maji. Ukisogea, Kamek anakuja na kuukuza, na vita vinakuwa virefu. Lakini mchezaji anayejua husimama mbali, akapima, akautupia yai kabla mchawi hajafika. Ua linakufa lingali dogo. Kamek anatokea, anakuta kazi imekwisha, anashangaa. Waliotengeneza mchezo waliliona jambo hilo mapema wakaliwekea na maneno yake. Mahali pengine wakageuza kabisa: yuko chura, na safari hii mchawi hamkuzi chura bali anampunguza Yoshi, akamezwa, na vita vinapiganwa tumboni. Mara ya kwanza nilipomwona mpwa wangu amefika hapo alikuwa ananisimulia kwa Kiswahili bila ya kujijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na mambo yalikuwa hayasubiri.

Sisi tuliopo Uingereza tuna mchezo wetu wa jirani. Donkey Kong Country, wa mwaka 1994, haukutengenezwa Japani bali Twycross, kijiji cha Leicestershire, si mbali na mji wa Leicester ambako wengi wetu tuna jamaa na tunakwenda harusini. Kampuni yenyewe, Rare, iliasisiwa na ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, na ilikuwa katika nyumba ya shamba. Mafundi wake walikwenda katika bustani ya wanyama ya hapo hapo Twycross kuwatazama masokwe wanavyokwenda. Wakaona sokwe hana haraka ya kufaa mchezo, basi mbio za Donkey Kong wakazichukua kwa farasi. Kwa uzuri wa picha mchezo ule ulishangaza dunia. Ama kwa wakubwa wake, nasema kweli, ni ubahili. Mkubwa wa kwanza ni yule mnyama wa mtoni anayeguguna miti, aitwaye biva, ambaye wadogo wake umeshawakanyaga njia nzima. Wa pili ni tumbusi mkubwa. Wa tatu ni nyigu mkubwa, malkia wao. Wa nne ni biva tena. Wa sita ni tumbusi tena. Ni wali wa jana uliotiwa nazi mpya. Ninamsamehe wa tano tu, ambaye ni pipa la chuma. Huwezi kulipiga kwa lolote. Linaruka juu, linashuka kwa kishindo, linamwaga maadui wadogo, nawe kazi yako ni kuwamaliza hao na kubaki hai mpaka pipa lenyewe lipasuke.

Mengine nitayapita. Super Mario 64, wa mwaka 1996, una kisiwa chenye sura mbili: ukiingia kwa picha moja wewe ni mdogo na Goomba ni wakubwa, ukiingia kwa nyingine wewe ndiye jitu nao ni kama sisimizi. Na katika mchezo wa mwaka 2009 wa mashine ya Wii, Goomba mkubwa kabisa ukimkanyaga anagawanyika wawili wa kati, na kila wa kati akagawanyika wawili wadogo. Wanaofundishwa kugawanya skuli wamfikirie huyo.

Baba mmoja aliniuliza kwa nini wanyama wakubwa wa kweli hawafanani na hao, yaani mdudu aliyekuzwa tu. Swali hilo lina jibu la zamani. Galileo alilieleza katika kitabu cha mwaka 1638: ukimrefusha mnyama mara mbili kwa kila upande, uzito wake unakuwa mara nane, lakini nguvu ya mfupa unaoubeba imeongezeka mara nne tu. Hatosimama, ila mifupa yake ibadilike umbo. Mafundi wa kwetu waliijua khabari hiyo bila ya Galileo. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu ni vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Huwezi kukikuza chumba ukadhani boriti itakufuata. Goomba wa dunia ya nne anasimama kwa vile vijiguu vyake kwa kuwa hana uzito wowote, ni mwanga.

Sasa, bibi yangu mpenzi uliyeniandikia, tuje kwenye faida yako. Jambo hili la kumkuza adui sisi tunalo katika ulimi wetu tangu kale. Mdudu ukimpunguza ni kidudu, ukimkuza ni dudu. Nyoka ni joka, ndege ni dege, mbwa ni jibwa, mbuzi ni buzi, mtu ni jitu. Na kiumbe kikishakuzwa kinavuliwa heshima yake: nyoka huyu amekuja, lakini joka hili limekuja. Ametoka katika watu na wanyama akaingia katika vitu. Watoto wetu wa huku wanalipoteza jambo hili kabla ya mengine yote, kwa sababu shida za kila siku nyumbani haziliitii. Kuomba maji hakuhitaji jitu. Wao kila kitu ni "kikubwa sana", wakatosheka.

Lakini mbele ya kioo kile, majitu yako kila baada ya dakika tano, na mtoto anataka kuyataja. Mpe maneno. Koopa ni kobe; wa dunia ya nne ni jikobe. Nyigu yule malkia ni dudu. Panya akitokea mkubwa usimkuze, tunalo jina tayari: buku. Na usilolijua jina liite dude. Watoto hucheka sana kwa neno hili, maana kwa Kiingereza cha Marekani ni namna ya kumwita rafiki. Kaa karibu naye, sema "linakuja!" wakati linakuja, wala usimsahihishe akisema "anakuja". Sema lako tu. Jumapili ya tatu au ya nne utamsikia.

Mfundishe na mipaka yake pia. Mtoto wa mpwa wangu alipokwisha kulijua jambo hili alimwita ami yake "jiami" mbele ya wageni. Ami mwenyewe, ambaye kweli ni mtu wa mwili, alicheka mpaka akaweka kikombe chini, lakini si kila ami atakuwa hivyo.

Najua wapo watakaosema nawahimiza watoto kupoteza wakati. Saa moja inatosha, na wakati wa chakula mashine izimwe; hapo hatuna ugomvi. Lakini saa hiyo moja mtoto atacheza ukiwapo au usipokuwapo, na bora uwepo.

Mashine ya zamani ya familia bado iko kwangu, pamoja na Yoshi's Island na Donkey Kong Country, katika kopo la biskuti. Anayeitaka kwa likizo aniambie wiki mbili kabla. Waya zake ni za televisheni za zamani, basi mwenye televisheni mpya atahitaji kiunganishio, na hicho sinacho. Mwaka jana ilirudi bila ya kishikio cha pili. Aliyenacho anajijua, nami namngojea Idi.